Maswali ya wasomaji: king'amuzi kinachojizima, flashi inayokatika na deki inayomeza kanda

SWALI: Mhariri, salaam. Tuna king'amuzi cha kurekodi, kile chenye diski ndani, na huu ni mwaka wake wa nane. Siku hizi tukitazama tulivyorekodi picha inaganda, na usiku kinajizima na kujiwasha chenyewe. Fundi ametwambia bodi imekufa, tununue kipya. Ndani mna vipindi vya mawaidha ya Ramadhani ambavyo hatutaki vipotee. Tufanyeje?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Msikitupe bado. Bodi haifi kirahisi hivyo. Kwenye mashine ya umri huo vinavyochoka mwanzo ni viwili, sehemu ya umeme na diski, na sikio lako litakwambia ni kipi. Zima televisheni, kiwashe king'amuzi na utege sikio karibu na kifuniko. Ukisikia tik, tik, tik kwa mpigo mmoja huku taa imetulia, hiyo ni diski: vichwa vyake vya kusomea vinatafuta njia na havioni. Lakini diski ikianza kuvuma, ikafifia, ikaanza tena, na taa nayo inapepesa, basi umeme haufiki wa kutosha. Diski ya inchi 3.5 huvuta karibu ampea 2 kwenye laini ya volti 12 inapoanza kuzunguka, na hapo ndipo umeme mchovu unapoanguka. Kujizima na kujiwasha kunatufanya tushuku umeme kwanza.

Kama kinatumia adapta ya nje, kazi ni ndogo. Pima kwa mita wakati kinafanya kazi, kwa sababu adapta iliyochoka huonyesha volti 12 ikiwa haina mzigo, kisha hushuka diski inapoanza. Ikienda chini ya 11.4, ibadilishe. Mpya iwe ya volti 12 zilezile, ampea sawa au zaidi, na chanya na hasi zikae vilevile kwenye ncha ya plagi.

Kama umeme umo ndani ya sanduku, fundi atazame kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, za upande wa kutoa umeme. Kapasita nzima ina kichwa bapa kama sarafu. Iliyokufa imetuna katikati, na pengine imetoka uchafu wa kahawia kwenye ule mkato wa juu. Abadilishe zote za upande huo, si moja tu: maikrofaradi zilezile (mara nyingi 1000), volti sawa au zaidi, za nyuzi 105, si 85, na ziwe za ukinzani mdogo zilizotengenezewa sehemu za umeme. Joto ndilo linalozikausha. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa karibu nusu. King'amuzi kilichobebeshwa juu ya amplifaya, katika chumba cha Mombasa mwezi wa Februari, hakina pa kupumulia. Kiacheni sentimita 10 kila upande, wala msikifunike kitambaa.

Tahadhari, na hii tunaisema kwa uzito: kapasita kubwa ya upande unaopokea stima ya ukutani hubaki na volti karibu 340 hata baada ya kuchomoa. Ngoja dakika 10, pima, na ikiwa bado ina umeme iteremshe kwa rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5. Usiigusishe bisibisi. Asiyezoea kazi hii asifungue. Na kama king'amuzi ni mali ya kampuni ya kulipia, kirudishwe kwao kabla ya kuvunja muhuri.

Ikiwa umeme uko sawa, itoeni diski. Miguu yake ya kuunganishia huota kutu kwa hewa ya chumvi. Isafisheni kwa brashi laini na spiriti ya isopropili, mjaribu tena. Tatizo likibaki, iunganisheni na kompyuta kwa kifaa cha SATA, yaani kiunganishi cha diski na kompyuta, chenye umeme wake wenyewe. Windows ikiuliza kama iiandae diski, KATAENI, la sivyo mtafuta kila kitu. Someni taarifa zake za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea: sekta zilizobadilishwa au zinazongoja zikizidi kuongezeka, diski inakwenda.

Kuhusu mawaidha: vipindi vya king'amuzi cha kulipia kwa kawaida hufungwa kwa ufunguo wa mashine ileile. Havitafunguka kwenye kompyuta wala kwenye king'amuzi kingine. Njia ya kujaribu ni kuinakili diski nzima, sekta kwa sekta, kwa programu ya ddrescue hadi diski mpya ya ukubwa uleule, kisha kuirudisha katika mashine ileile. Nunueni diski ya kamera za ulinzi, imeundwa kuandika usiku na mchana. Ndiyo sababu tunasema mtengeneze kabla ya kununua: king'amuzi kipya hakitavisoma vipindi hivyo.

SWALI: King'amuzi changu cha kawaida kinarekodi kwenye flashi, lakini kinakatika katikati ya mpira. Flashi ni mpya.
Msomaji, Likoni

JIBU: Flashi nyingi za bei rahisi huandika polepole zikishapata joto. Pia, ikiwa imepangwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, faili moja haliwezi kuvuka GB 4, na mechi ya picha safi hufika hapo kwa saa moja na kidogo. Ipange upya kwa menyu ya king'amuzi chenyewe. Ukitumia diski ya nje, tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu, kwa hiyo tafuta yenye umeme wake. Na ukitega saa ya kurekodi, zima kwa rimoti, usizime swichi ya ukutani.

SWALI: Nina kanda za harusi ya marehemu mama, za miaka ya 90. Zimeota weupe ndani, na deki yetu inameza kanda. Bado kuna tumaini?
Msomaji, Mji wa Kale

JIBU: Lipo, dada, lakini usiitie kanda hata moja kwenye deki sasa. Weupe huo ni kuvu, utahamia kwenye vichwa vya deki vinavyosoma kanda na kuchafua kanda zilizo salama. Ziweke ndani ya kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika kwa wiki mbili, kuvu ikauke. Kisha fungua skrubu 5 za chini ya kasha, uivae barakoa, na nje ya nyumba uizungushe kanda kwa mkono ukiipangusa taratibu kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi.

Mara nyingi deki humeza kwa sababu mpira wa kuzungusha gurudumu la kupokea umelegea: kanda inatoka, haivutwi upande wa pili. Badilisha mpira huo. Deki mpya hazitengenezwi tena tangu 2016, hivyo spea zitatoka kwenye deki mbovu.

Vichwa visafishe kwa karatasi nyeupe nzito iliyoloa isopropili. Ishike imetulia ubavuni mwa ngoma, ile silinda inayozunguka iliyobeba vichwa, uizungushe ngoma kwa kidole mara tano sita. Usipandishe wala kushusha karatasi, na usitumie pamba, nyuzi zake hung'oa vichwa. Acha nusu saa ikauke, jaribu kwanza kanda usiyoijali.

Siku ya kucheza harusi, iwe inanakiliwa palepale: waya ya njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti, hadi kifaa cha kunasia video kwenye kompyuta, mfumo wa picha wa PAL. Kanda iliyozeeka inaweza isikubali mara ya pili.