Aliyehukumiwa kunyongwa kwa kumuua kaka yangu huenda siye. Nikinyamaza nina dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Kaka yangu aliuawa kwa panga usiku akitoka kufunga duka. Ameacha mjane, binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka minne. Mama yetu yu hai. Alikamatwa kijana wa mtaani kwetu kwa kuwa shahidi mmoja alisema alimtambua kwa mwanga wa taa ya dukani, na Mahakama Kuu ikamhukumu kunyongwa. Mwezi uliopita rafiki yangu mvuvi akaniambia kwamba usiku ule kijana huyo alikuwa naye baharini, ila aliogopa kusema. Mama anasema haki yetu tumeshaipata, nisifukue. Je, nikinyamaza nina dhambi? Na huku kunyonga ndicho kisasi cha Qur'ani?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yako na ampe mama subira.

Nianze na usiloliuliza. Katika madhehebu yetu ya Shafi, damu hudaiwa na warithi. Kaka yako ameacha mtoto wa kiume, kwa hiyo wewe nduguye si mrithi wake. Warithi ni mama, mjane na hao watoto wawili. Basi si wewe wa kudai damu hiyo wala wa kuisamehe. Kilichokufikia wewe ni habari ya ushahidi, na Mwenyezi Mungu amesema: "Wala msifiche ushahidi, na atakayeuficha basi hakika moyo wake ni wenye kuingia dhambini" (Al-Baqara, 283). Aya hiyo imekuja katika mambo ya madeni. Sasa pima mwenyewe: shilingi na shingo ya mtu, kipi kizito? Mzigo wa kwanza ni wa mvuvi, maana ndiye aliyeona. Lakini ukijua na ukamsaidia kunyamaza, mmeshirikiana.

Ama kisasi, kimo ndani ya Qur'ani na sitakificha ili niwapendeze watu. Ila hukumu mliyosomewa sicho chenyewe. Sheria ya Tanzania Bara inamfunga jaji: akishamtia mtu hatiani kwa kuua kwa kukusudia, adhabu ni kunyongwa, isipokuwa kwa mjamzito na aliyekuwa hajatimiza miaka 18. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha iliukosoa ulazima huo Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake. Majirani zetu Kenya, Mahakama ya Juu yao ilikuwa imeshauondoa mwaka 2017. Katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, milango ni mitatu: kisasi, diya (fidia ya damu) na msamaha, na mrithi mmoja tu akisamehe, upanga unarudi alani. Zaidi ya hayo, mrithi akiwa mtoto husubiriwa mpaka abaleghe, na mtuhumiwa akae kifungoni. Yaani kwa mvulana wenu wa miaka minne tungesubiri miaka kumi au zaidi! Wapo wanaoona huko ni kuchelewesha haki. Mimi naona ni miaka ambayo mvuvi mwoga anaweza kupata ujasiri.

Kisha, shahidi mmoja, usiku, kwa mwanga wa taa? Kuua kunakopelekea kisasi huthibiti kwa kukiri au kwa mashahidi wawili waadilifu.

Sahaba Wail bin Hujr amesimulia, kama alivyopokea Tirmidhi katika kitabu chake cha hadithi, kwamba zama za Mtume (s.a.w.) mwanamke alitoka kwenda kuswali, mtu akamvamia na kumtenda uovu, kisha akakimbia. Mwingine akapita hapo, mwanamke akamwonyesha kuwa ndiye. Watu wakamkamata, wakamuuliza mwanamke tena, akasema: ndiye huyu. Hakuwa mwongo, alisema kwa yakini aliyokuwa nayo moyoni. Mtume akatoa amri aadhibiwe. Hapo akasimama mtu mwingine, akasema: ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, ni mimi. Mwanamke akaambiwa nenda, Mwenyezi Mungu amekusamehe, na aliyeshikwa bure akaambiwa maneno mazuri. Wapokezi wamehitilafiana juu ya kilichomfika mkosaji mwenyewe, tuliache hilo. Angalia tu jinsi palivyobaki padogo. Laiti yule mtu angechelewa kusimama!

Mama yako simlaumu. Msomee kisa cha Abdullah bin Sahl, Sahaba aliyekutwa ameuawa huko Khaybar. Jamaa zake waliwashuku wenyeji wa pale. Mtume akawataka waape viapo hamsini, wakajibu: tutaapaje juu ya jambo tusiloliona? Mwisho akawalipa diya yeye mwenyewe, ngamia 100. Nao walikuwa na uchungu wa mtu wao. Tena mwulize mama kwa upole: kama siye, basi aliyemkata mwanao yuko wapi sasa hivi?

Utaambiwa hakuna haraka, kwani siku hizi hawanyongi. Ni kweli Tanzania Bara haijamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, na Rais Magufuli alisema hadharani mwaka 2017 kuwa hatatia saini. Lakini hiyo ni kauli ya rais mmoja. Sheria ipo vilevile, na kijana analala na kuamka na hukumu hiyo kichwani.

Mtafuteni wakili wake. Rufani husikilizwa na Mahakama ya Rufani, na wakili anaweza kuomba ushahidi mpya upokelewe. Pakishindikana hapo, Rais ana mamlaka ya msamaha chini ya Ibara ya 45 ya Katiba. Mvuvi akiogopa kwenda peke yake, nenda naye wewe na imamu wa msikiti wenu. Aseme alichokiona tu: waliingia baharini saa ngapi, walirudi saa ngapi, nani mwingine alikuwamo chomboni. Asiongeze neno kwa huruma. Huenda amekosea siku, na hilo jaji atalipima. Na mama aambiwe na wewe, kabla hajasikia kwa majirani.

Wallahu aalam.