Msiwalaumu wachezaji, hesabuni siku za mazoezi

Swali lenu la wiki iliyopita lilikuwa hili: kocha wa kikapu aliyetamba chuoni akienda ligi ya kulipwa akaanguka, tumlaumu yeye au wachezaji wenye mamilioni wasiotaka kufundishwa? Kila swali hili linapoulizwa, majibu mengi huishia kwa wachezaji. Pesa imewaharibu, basi, mjadala umefungwa. Jibu hilo linaniuma, kwa sababu linaruka jambo la kwanza kabisa la kuuliza: huyo kocha alikuwa na siku ngapi za kufundisha?

Chukueni John Beilein. Mei 2019 Cleveland Cavaliers, timu ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, walimtoa Chuo Kikuu cha Michigan kwa mkataba wa miaka mitano. Alikuwa na umri wa miaka 66, ameshafika fainali ya vyuo mara mbili, 2013 na 2018, na misimu yake miwili ya mwisho pale ilikuwa ya ushindi 33 kwa vipigo 8, kisha 30 kwa 7. Februari 2020, msimu wake wa kwanza haujaisha, aliachia ngazi. Timu ilikuwa imeshinda michezo 14 na kupoteza 40. Huyu ndiye anayetajwa kila siku kama ushahidi kwamba ualimu hauna nafasi NBA.

Tuanze na kalenda. Chuoni kanuni zinampa kocha siku 42 kabla ya mchezo wa kwanza, na ndani ya siku hizo anaruhusiwa mazoezi 30. Msimu ukianza anapata saa 20 kwa wiki, na michezo kwa kawaida ni miwili. Katikati ya michezo hiyo kuna siku za kusahihisha: leo pasi ya mikono miwili, kesho kutua kwa miguu miwili ili usihesabiwe hatua, keshokutwa mkato wa kupita nyuma ya mkabaji. Anayetaka picha ya karibu aifikirie kambi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, vijana wanalala pamoja, wanakula pamoja, kocha anawapata asubuhi na jioni.

NBA ni michezo 82 ndani ya miezi sita hivi, mitatu hadi minne kwa wiki. Kambi ya kabla ya msimu haizidi sana wiki tatu, na humo humo kuna michezo ya majaribio. Baada ya hapo timu inamaliza mchezo usiku, inapanda ndege, inafika hotelini saa nane au tisa alfajiri, na jioni yake inaingia tena uwanjani. Siku kama hiyo hakuna mazoezi. Watu wanatupa mipira kidogo, wanapitishwa kwa mwendo wa kutembea kwenye mitindo ya mpinzani, wanarudi kulala. Mazoezi kamili, ya watano kwa watano na jasho, katikati ya msimu unayahesabu kwa vidole vya mkono. Sasa mwalimu aliyejijenga kwa kurudia jambo moja mara mia afanyeje?

Mfumo wenyewe nao ulidai muda. Mashambulizi ya Beilein yalianza na wachezeshaji wawili juu, mawinga wawili pembeni, na mrefu mmoja aliyepanda karibu na mstari wa mitupo huru. Chini ya kikapu hakuna mtu. Mpira ukienda kwa winga, aliyeutoa anakata kuelekea kikapu. Mkabaji akigeuza kichwa kuutazama mpira, amekwisha, mtu kashapita nyuma yake na kupokea pasi ya kudundisha. Akirudi nyuma kwa kuogopa hilo, anamwachia mtupaji nafasi ya pointi tatu. Ni kikapu kizuri sana kukitazama. Lakini piga hesabu. Chuoni saa ya kutupa, yaani muda ambao timu lazima iwe imetupa mpira kikapuni, ni sekunde 30, na hadi 2015 ilikuwa 35. Ukitumia 6 kupandisha mpira, zinabaki 24, yaani sawasawa na saa nzima ya NBA. Kule ukipandisha kwa 6 unabaki na 18. Mkato wa kwanza unakutana na wakabaji warefu wanaobadilishana watu bila hata kuitana. Mpira unarudi juu, saa inasoma 9, na hapo mtindo umekufa. Anatakiwa mtu mmoja wa kumpita mkabaji wake kwa uwezo wake mwenyewe.

Mstari wa pointi tatu nao si ule ule. Miaka ya Beilein kule Michigan, ukiacha msimu wa kwanza, ulikuwa mita 6.32; NBA juu ya duara ni 7.24. Na wachezeshaji aliokabidhiwa hakuwachagua yeye peke yake kama alivyozoea: Collin Sexton, mfungaji anayetaka mpira mkononi mwake, na Darius Garland, chaguo la tano la drafti (zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya) ya 2019, kijana aliyecheza michezo mitano tu ya chuo kabla ya goti kumweka nje. Wote wawili wafupi kwa ligi ile. Ukiwaweka pamoja, mmoja wao lazima amkabe mtu anayemzidi kimo usiku wote.

Sisi Watanzania hili la sheria kubadilika tungelielewa kuliko wengine, maana tulilitazama kwa Hasheem Thabeet. Akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa mkabaji bora wa Big East, ligi ya vyuo, anasimama chini ya kikapu na kufuta mitupo. Akachaguliwa wa pili drafti ya 2009. NBA hairuhusu mkabaji kukaa kwenye eneo lile zaidi ya sekunde 3 bila kumkaba mtu kwa karibu. Haikuwa sababu pekee ya mambo kumwendea vibaya, lakini silaha yake kuu ilipunguzwa makali siku aliyovuka mlango.

Narudi Cleveland, kwenye kile kikao cha kutazama video za michezo cha Jumatano, tarehe 8 Januari 2020, kwa sababu ndicho kila mtu anachokikumbuka na wengi hukieleza vibaya. Beilein alikuwa akiwasifu. Hili husahaulika. Alikuwa akiwaambia kwamba wameimarika, hawachezi tena kama walivyokuwa wakicheza. Kwenye kumalizia sentensi akasema hawachezi tena kama kundi la "thugs", wahuni. Baadaye alieleza kwamba alikusudia "slugs", yaani makoa, wale viumbe wazito wa kujikokota, na kwamba hakujua ametamka lile neno jingine mpaka wasaidizi wake walipomwambia. Aliwapigia wachezaji simu kuomba radhi.

Neno lile kwa Mmarekani mweusi si tusi la kawaida. Ndilo ambalo watu wamelitumia kwa miaka mingi kuwaelezea vijana weusi wasiowajua, na hapo lilitoka kinywani mwa mzee mzungu mbele ya chumba kilichojaa wanaume wengi wao weusi. Mimi namwamini kwamba ulimi uliteleza. Sentensi yenyewe inaleta maana kwa makoa, haileti kwa wahuni. Ila tazameni kilichofuata mle ndani. Yeye hakujua amekosea, maana yake hakusimamishwa pale pale. Hakuna aliyemwambia, "Kocha, umesemaje?" Chuoni angekuwepo mchezaji wa mwaka wa nne, mtu aliyekula nyumbani kwa kocha na anayemjua anavyochanganya maneno akichangamka. Cleveland walikuwa na miezi mitatu ya msimu pamoja naye. Kevin Love na Tristan Thompson walikuwa na pete za ubingwa wa 2016, watu wazima wenye familia. Mtu mzima akivunjiwa heshima mbele ya wenzake hanyoshi kidole kama mwanafunzi. Ananyamaza, na ukimya ule ndio uliopaswa kumtisha kocha kuliko kelele.

Kuna na suala la kikao chenyewe. Taarifa za Desemba zilishasema wachezaji wanalalamikia vikao virefu vya video na kusahihishwa mambo ya msingi kama watoto. Mchezaji wa kulipwa anatazama video zake mwenyewe kwenye tableti ndani ya ndege. Kikao cha timu kinapaswa kuwa cha dakika 15, vipande kumi hivi, kila kipande na jambo moja, na kosa la mkongwe umwoneshe pembeni kwanza kabla hujaliweka ukutani mbele ya watu wote. Kikiwa kirefu, mambo mawili hutokea: wachezaji wanachoka kusikiliza, na kocha anaanza kuongea ovyo. Ulimi wa mtu anayeongea dakika 40 kila siku una nafasi nyingi zaidi za kuteleza kuliko wa anayeongea 15. Na kesho yake, kwa taarifa, timu hiyo hiyo iliyoumizwa ilishinda Detroit 115 kwa 112 katika muda wa nyongeza. Hawakuwa wamegoma kucheza.

Hapo ndipo utetezi wangu unapoanza kuyumba. Nimeanza na kalenda, lakini kalenda ni ile ile kwa wote. Kocha Brad Stevens alitoka Chuo Kikuu cha Butler kwenda Boston Celtics ya NBA 2013 na kuikuta hiyo hiyo. Misimu sita Butler alipoteza michezo 49 tu. Msimu wake wa kwanza Boston peke yake alipoteza 57. Hakuvunjika, na msimu uliofuata alikuwa kwenye mtoano. Alikuwa na miaka 36 alipoajiriwa, na mkataba wa miaka sita. Tena huyo alikuwa amewahi kuwa msaidizi wa mtu pale Butler. Beilein hakuwahi. Tangu miaka ya sabini, shule ya sekondari, vyuo vidogo, West Virginia, mpaka Michigan, amekuwa kocha mkuu tu. Hajawahi kukaa kiti cha pili akajifunza namna kocha mkuu anavyopima chumba kabla ya kufungua mdomo.

J.B. Bickerstaff, aliyekuwa msaidizi wake na ambaye amekulia kwenye mabenchi ya ligi hii, alirithi wachezaji karibu wale wale na kushinda 5, kupoteza 6, kabla korona haijaisimamisha ligi. Michezo 11 ni michache, na siwezi kuijengea nyumba. Tena Cavaliers msimu mmoja kabla ya Beilein walishinda 19 tu, kwa hiyo timu haikuwa nzuri mkononi mwa yeyote. Pamoja na hayo yote, mkinilazimisha kuchagua kati ya majina mawili ya swali lenu, nitaandika la kocha. Wachezaji siwaandiki. Nitaandika pia, kwa herufi za ukubwa ule ule, jina la menejimenti iliyompa mwalimu wa mafunzo ya msingi timu isiyo na siku za mafunzo, bila kumtaka kwanza akae mwaka mmoja kwenye benchi la mwingine.

Mwaka 2021 Detroit Pistons walimchukua Beilein kuwa mshauri wa kukuza wachezaji. Kazi hiyo haikuwa na vikao vya timu nzima wala hesabu ya ushindi.