Kabla hujachora kabati, jiulize litafunguliwaje

Miaka kadhaa nyuma nilimchorea dada mmoja wa Tabata kabati la nguo la MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa na gundi, milango ya kuslaidi, kioo kikubwa, ukilitazama unasema hili limeshuka na kontena jana. Tukaliunga humohumo chumbani, gundi kila mahali na misumari ya mashine. Mwaka wa pili akahama. Kabati haliguswi, mlangoni halipiti, vijana wa kubeba wakaligonga mpaka likaachia, na MDF ile skrubu ikishang'oka tundu limekwisha habari yake, halishiki tena. Akanipigia analaumu fundi, na mimi kwa aibu nikaitikia eti "mafundi wetu ndo hivyo dada." Uongo mtupu. Fundi alifuata mchoro, na mchoro wangu haukuwa na sehemu hata moja ya kufunguka.

Sasa wewe unayeanza kudizaini, usijifiche nyuma ya fundi wala nyuma ya mteja.

Bibi yangu Tanga alikuwa na kitanda cha kamba, kile wanachokiita teremka tukaze. Kamba ikilegea mnashuka mnakaza, ikichakaa inasukwa upya, mguu ukiliwa na mchwa unachongwa huo mmoja tu. Hakuna aliyemwambia huo ni uchumi wa mzunguko, yaani kitu kinatengenezwa na kutumika tena badala ya kutupwa. Na Vienna huko kiti namba 14 cha mtengeneza samani Thonet, cha 1859, ni vipande 6, skrubu 10 na nati 2, ukivifungua viti 36 vinaenea kwenye boksi la mita moja ya ujazo! Sisi tuna kompyuta tunachora vitu vya kutupwa.

Mimi siku hizi kiungo kikubwa chochote ni bolti na nati, gundi naiweka pale tu ambapo hapatafunguliwa kamwe. Sofa kitambaa kinavaa zipu, sponji haigandishwi kwenye fremu, maana sponji itabonyea mapema na fremu ya mninga bado ina miaka kibao. Ukitumia mbao za paleti angalia muhuri: HT ni mbao iliyopashwa moto tu kuua wadudu, ila MB ilipigwa dawa ya sumu, hiyo iache hata ukipewa bure.

Bei inapanda kidogo, sikatai, kuna wateja nimewapoteza hapo.

Kila kipande nakiandika namba kwa penseli upande wa nyuma, na kifuko cha bolti za akiba nakifunga chini ya droo. Wengine wananipigia, "fundi umesahau kufuta penseli huku."