Macho ya mtu asiyelipa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwigizaji Lupita Nyong'o ametajirika kwa kipaji chake au kwa ukoo wake? Nilitaka kujibu kwa neno moja, "ukoo", kisha nirudi kwenye shughuli zangu. Nimeshindwa. Swali lenu limenichokoza mahali pengine, na mtanivumilia na Kiswahili changu cha Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya.

Huo ukoo tuumalize upesi. Baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alisoma hapa kwetu Makerere, akaenda Chicago kwa udaktari wa falsafa, na tangu 2017 ni gavana wa Kisumu. Binti naye akapitia Hampshire College huko Marekani, kisha Chuo Kikuu cha Yale, alikomaliza 2012. Machi 2014 akashika Oscar, na mwaka huohuo Lancôme wakamfanya uso wao. (Hapo ndipo pesa ilipo, kama mnaniuliza mimi, kwenye vipodozi kuliko kwenye sinema.) Mtoto wa muuza mahindi wa Busia hafiki Yale kwa kudandia lori. Nalijua hilo, kwa kuwa mimi ni mtoto wa muuza mahindi wa Busia.

Kwa hiyo mimi najiuliza hivi: alilipwa ili aigize maisha ya watu kama Mama. Ile pesa ilikuwa halali yake?

Nazungumzia filamu ya Queen of Katwe, ile ya 2016 ambayo mwongozaji Mira Nair aliirekodi Katwe yenyewe, mtaa wa mabanda wa Kampala, na Johannesburg. Lupita ni Nakku Harriet, mama yake Phiona Mutesi, msichana wa chesi. Nilikuja nayo nyumbani kwenye flashi Krismasi ya 2017. Mama alikuwa na gunia la mahindi mabichi mbele ya miguu, anamenya maganda ya biashara ya kesho. Huwauzia madereva kwenye foleni ya malori ya kuvuka mpaka, na Kiswahili chake chote amekiokota kwenye madirisha ya malori hayo. Kiingereza hana, basi mimi nikawa VJ wa nyumba, kama wale wanaotafsiri filamu kwa sauti vibandani. Namtafsiria, lakini yeye anatazama mikono ya watu tu.

"Huyu mama ni wa wapi?"

"Mkenya, Mama. Mjaluo."

"Baba yake anafanya nini?"

Nikamwambia ni profesa. Akacheka hadi gunzi likamponyoka. "Basi huyo hajawahi kupuliza sigiri hata siku moja."

Akaendelea hivyo karibu nusu ya filamu. Gomesi, lile vazi la akina mama wa Uganda, imefungwa vizuri mno. Sauti ni ya mtu aliyekula asubuhi. Nilifurahi, nakiri, kwa sababu alikuwa anasema niliyokuwa nayawaza.

Kisha ikafika ile sehemu ya mtoto, Brian, aliyegongwa na pikipiki. Yuko hospitali, deni linapanda, na mama yake anamtorosha kabla hajalipa. Mama akaacha kumenya.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akatazama. "Rudisha tena." Mara ya tatu hakusema neno, alinyoosha kidole tu. Sikuwa na haja ya kumtafsiria. Nilikuwa na miaka tisa alipomtoa mdogo wangu wodini alfajiri, amemfunga mgongoni na leso mbili na mguu una plasta, mimi nimebeba birika na blanketi nyuma yake. Hospitali yenyewe siitaji. Tulipita geti pamoja na wauza chai. Tulitembea hadi barabara kuu bila kuzungumza, na kwa mwaka mzima Mama hakupita mtaa ule, hata kama mnunuzi alikuwa upande ule.

"Tazama macho yake," akasema hatimaye. "Mtu aliyelipa hatazami hivyo. Huyu amewahi kukimbia."

Nikasema ni kuigiza tu, Mama, huko shuleni wanafundishwa. Akanitazama kama niliyemtukana mgeni. "Amewahi kukimbia," akarudia, akachukua hindi lingine.

Baadaye nilimsoma kidogo. Lupita alizaliwa Mexico mwaka 1983 kwa kuwa wazazi wake walikuwa uhamishoni, baada ya baba mdogo, Charles, kupotea mwaka 1980. Kabla ya umaarufu alikuwa mtu wa kutumwatumwa kwenye kikosi kilichorekodi The Constant Gardener nchini Kenya. Sasa ukoo wa namna hiyo mtauweka upande gani wa mizani? Mimi ule wepesi wangu wa kusema "ukoo" umepungua, ingawa haujaisha. Yule Madina Nalwanga aliyecheza Phiona alitolewa kwenye darasa la ngoma hapa Kampala, alicheza vizuri vilevile, na leo ni wangapi wenu mnalikumbuka jina lake? Alikuwa mtoto, sawa, huenda hakutaka maisha hayo. Lakini Yale haikuwa inamsubiri.

Mwishoni mwa filamu waigizaji wanasimama pamoja na watu halisi waliowaigiza. Mama akauliza yupi ndiye Harriet mwenyewe. Nikamwonyesha.

"Na huyu alilipwa?"

Nikasema kwenye hadithi walipata nyumba.

"Nyumba ni nzuri. Na yule mwingine wamlipe pia, kazi ameifanya."

Basi niandikieni kipaji. Kwa kalamu ya risasi, mhariri, nipate pa kufuta, na kura ya Mama msiichanganye na yangu. Lupita wa filamu zile nyingine Mama hamjui kabisa. Nilipomwonyesha picha ya Lupita amevaa gauni la Oscar alikataa katakata kwamba ni mtu yuleyule.