Kupeleka dawa ya mitishamba maabara ni kukosa tawakkul (kumtegemea Mungu)?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi natibu kwa mitishamba, kazi nimeirithi kwa baba. Nina dawa ya magome nawapa wagonjwa wa sukari na watu wanashukuru. Sasa kuna wataalamu wa chuo wameniomba wakaipime maabara. Wenzangu wananikataza, wanasema kuipima ni kumtilia shaka Mungu, tena eti kule wanaikamua kwa spiriti na kuijaribu kwa panya. Je inafaa? Na wakisema haitibu nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah ndugu yangu. Inafaa, na kwa hali yako naona ni zaidi ya kufaa. Nimefurahi umeuliza na hilo la mwisho, maana wengi wanaishia kwenye spiriti na panya, hilo zito wanalikwepa.

Mtume (s.a.w.) aliulizwa na mabedui kama wajitibu, akawaambia jitibuni enyi waja wa Allah, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Na katika riwaya nyingine akasema dawa hiyo ameijua aliyeijua na hakuijua asiyeijua. Sasa kama kuna wanaojua na wasiojua basi ujuzi unatafutwa, haudondoki tu. Tawakkul haijavunjika hapo. Na wenzako wamechanganya vitu viwili: shifaa, yani uponyaji, ni ya Allah, hiyo hakuna maabara inayoipima, lakini ukimwambia mgonjwa "hii inashusha sukari" hayo ni maneno yako wewe, umetoa ushahidi, na kinachopimwa kule ni huo ushahidi wako. Suratul Israa aya ya 36 inatukataza kufuata tusiyo na ujuzi nayo, na inasema masikio na macho na moyo vyote vitaulizwa.

Utaniambia lakini watu wanapona. Sawa, mimi sikatai. Ila jiulize nani anarudi kwako. Anarudi aliyepata nafuu, anakuja na zawadi na dua, yule figo zilimharibikia taratibu kaenda hospitali au kaburini na wewe hukupata habari. Na wagonjwa wako wa sukari wangapi wanakunywa magome asubuhi na vidonge vya hospitali jioni alafu sifa zote zinakuja kwako? Tena hapo kuna hatari, kama magome yako kweli yanashusha sukari, yakikutana na vidonge sukari inaweza ikashuka kupita kiasi mtu akatetemeka, akatoka jasho, akazimia, na watu wa nyumbani wakadhani amepagawa.

Mfano wa madhara ya kimya kimya: Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake karibu 100 waliharibikiwa figo baada ya kutumia dawa za kupunguza unene zenye mitishamba. Mmea mmoja ulikuwa umechanganywa na mwingine wa jamii ya Aristolochia, na baadaye wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Walikuwa wanaambiwa ni vitu vya asili. Mtume (s.a.w.) amesema mwenye kujitia utabibu na hajulikani kwa utabibu basi ni mdhamini, yani akidhuru analipa, hata kama nia yake ilikuwa nzuri.

Na maabara haiko kinyume na wazee wetu hata kidogo. Mtafiti wa China, Tu Youyou, alikuwa anatafuta dawa ya malaria, mmea wa Artemisia annua ukawa unampa majibu leo mazuri kesho mabaya, mpaka aliporudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akaona yule mzee hakusema chemsha, alisema loweka kwenye maji kisha kamua unywe. Akang'amua kuwa moto ndio unaoua nguvu ya dawa, mwaka 1971 akaikamua kwa joto la chini, na kabla ya kuwapa wagonjwa akainywa mwenyewe na wenzake. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Yule mzee alisema kweli, lakini ilihitajika kazi ya maabara ndipo kweli yake ikawafikia mamilioni ya wagonjwa. Huenda na baba yako ana kweli kama hiyo, utaifungia ndani kwa nini?

Kuhusu spiriti. Wanailoweka ile dawa kwenye ethano, ndiyo hiyo spiriti, kisha wanaivukiza, kinabaki kitu kama nta au unga. Kama ni kwa ajili ya kupima tu hakuna anayeinywa, hilo halina tatizo. Ikija kuwa dawa ya kunywa yenye alkoholi kidogo, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu (baraza la kimataifa la wanazuoni wa sheria) walipokutana Amman, Jordan, mwaka 1986 walimruhusu mgonjwa Muislamu kuitumia pale isipokuwepo isiyo na alkoholi na akaandikiwa na daktari mwaminifu mjuzi. Ila waombe waikamue na kwa maji pia, maana wagonjwa wako wanachemsha kwa maji, na maji hayatoi kwenye magome vitu vilevile inavyotoa spiriti, wakipima ya spiriti peke yake watakuwa wamepima kitu ambacho wewe humpi mtu.

Panya nao wanaruhusiwa kwa haja ya kweli, kwa sharti wasiteswe bure. Allah amefaradhisha wema katika kila kitu hata katika kuchinja, na kuna mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia na njaa. Waulize kama wana kamati ya maadili inayosimamia hilo.

Sasa majibu yakitoka. Wakisema ni sumu kwa ini au figo, acha siku hiyohiyo, na wale unaowajua wameitumia watafute uwaambie wakapimwe, hata kama ni aibu. Wakisema haishushi sukari, basi usimwambie mtu tena kwamba inashusha, kwa sababu uliyouza zamani uliuza ukiamini, lakini ukishajua ukaendelea hiyo ni ghushi, na Mtume amesema anayetughushi si katika sisi. Na wakikuletea habari nzuri nayo usikimbilie kuitangaza. Kuua bakteria kwenye kisahani au kushusha sukari ya panya bado sio kutibu mtu, hata dawa ya kusafishia choo inaua bakteria, uthibitisho wa mwisho ni kwa wagonjwa wenyewe chini ya uangalizi. Tabibu wa Kiislamu Ibn Sina karibu miaka 1000 iliyopita aliandika dawa ijaribiwe kwa mwanadamu, maana ya simba au farasi huenda isithibitishe kitu kwa mtu.

(Na hapa niseme, inaniuma sana kuona watu wanabandika hadithi ya habbat sauda (mbegu nyeusi), kwamba ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti, kwenye chupa za kila mchanganyiko. Mtume alisema habbat sauda, hakusema chupa yako.)

Kabla hujawakabidhi magome mwandikiane, Qur'ani imetuamrisha kuandika madeni na huu ni mkataba mkubwa kuliko deni. Haki ya wenye ujuzi wa asili kushirikishwa faida inatambuliwa kimataifa katika Itifaki ya Nagoya, mkataba wa nchi mbalimbali wa mwaka 2010, usione haya kuidai. Ukishaandikiana sema yote, mti gani, upande gani wa gome, msimu gani, kipimo gani. Ukificha kitu kimoja kwa kuogopa kuibiwa majibu yatakuwa ya dawa nyingine.

Na hao unaowatibu sasa hivi usimwachishe hata mmoja vidonge vyake vya hospitali wakati majibu bado, na kila mmoja amwambie daktari wake anakunywa nini kwako.

Wallahu a'lam.