Ukurasa wa Kazi za Mikono: Nywele za mdoli zisionekane kama wigi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi niko Leicester, Uingereza, nafanya kazi ya kutunza wazee. Tuna bibi mmoja mzaliwa wa Mombasa, kumbukumbu zimemtoka sana, akipewa mdoli wa kubeba anatulia kabisa, anaimba, anabembeleza. Shida midoli yote iliyopo ni ya kizungu. Nikaamua nimtengenezee wa kwetu, ile midoli ya riborni inayofanana na kichanga kabisa, kichwa cha vinaili, ile plastiki laini, nimeshakipaka rangi vizuri tu. Nywele nilichukua za kusukia, nikaotesha, yaani kuzichoma kidogokidogo ndani ya kichwa, na sindano ya felti, ile yenye vijino, namba 36. Bibi akaupokea, akapapasa kichwa, akasema "huyu mtoto kavishwa nini?" Niliumia Shangazi. Nimekosea wapi, na nywele gani ninunue?

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu akubariki kwa moyo huo. Bibi kasema kweli, mkono uliolea watoto haudanganyiki.

Kosa la kwanza ni unene. Unywele wa mtu mzima ni kama mikroni 60 mpaka 80 (mikroni elfu moja ni milimita moja), na hizi za kusukia ni ngumu zaidi maana zimetengenezwa zistahimili kusukwa, sasa ukiziweka kwenye kichwa kidogo kama embe dodo lazima zionekane wigi hata uotesheje. Hata mimi mdoli wangu wa kwanza niliuweka nywele hizohizo, nikakaa nao wiki nzima najilazimisha kuupenda, mwisho nikazing'oa zote. Unachotaka ni moheya, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora, na uulizie ya mbuzi mdogo, ule mkato wa kwanza akiwa na miezi 6 hivi, hayo yanakuwa mikroni 25 au karibu na hapo. Uzuri wake mwingine ni ncha. Mkato wa kwanza bado una ncha yake ya kuzaliwa, imechongoka, laini, kama nywele za mtoto ambaye hajanyolewa bado. Kwa hiyo unapootesha ncha ibaki nje, na usije ukapitisha mkasi kusawazisha, ukikata tu ule ulaini umekwenda.

Angalia usiuziwe sufu inayoitwa angora, ile ni ya sungura, haifai kuotesha. Mbuzi wa Angora jina lake limetoka Ankara huko Uturuki, ila siku hizi moheya nyingi ya dunia inatoka Afrika Kusini, na Lesotho nao wamo. Mbuzi hao walifika Afrika Kusini mwaka 1838, madume 12 na jike mmoja, na madume wote walikuwa wamefanywa wasizae ili biashara isitoke Uturuki, kumbe yule jike ana mimba, akazalia njiani dume, mbegu ikapatikana. Napenda kulikumbuka hilo nikiwa na sindano mkononi, kwamba hizi nywele za watoto wetu wa vinaili zimekuzwa barani kwetu.

Rangi usichukue nyeusi ti. Kamshike kichanga wa kwetu umtazame karibu na dirisha, utaona nywele zake zina ukahawia ndani yake, hasa pembeni. Na moheya iliyotiwa rangi ifue kwanza kwa shampuu na maji ya vuguvugu mpaka maji yatoke meupe, la sivyo rangi itahamia kwenye vinaili na haitoki tena.

Sasa sindano. Namba inavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba, hiyo 36 yako inatoboa tundu la kuonekana kwa macho. Tumia 42 au 43 mbele na kwenye panja, unywele mmoja kila tundu, kisogoni unaweza kushuka 40 na kuweka miwili. Pasha kichwa kidogo na draya vinaili ilainike, kisha laza sindano karibu ilale kwenye ngozi, ukiisimamisha wima nywele zitasimama kama brashi. Usiipindishe ikiwa ndani, itakatika, na ikikatika toa kile kipande, usikiache maana bibi atambana huyo mtoto kifuani.

Mwelekeo anzia utosini, pale nywele zinapozunguka, ndio zishuke mbele na pembeni. Usichore mstari wa paji la uso, mtoto hana mstari, nywele zinaanza kwa kubahatisha, mbilimbili, halafu zinaongezeka. Panja acha karibu tupu. Kama ni mtoto wa miezi 3 mwachie kipara kisogoni, kile cha kulalia chali, huyo bibi akikipapasa atakijua. Na kichanga wetu mara nyingi anazaliwa na nywele za singa au mawimbi, kipilipili kinakuja baadaye, kwa hiyo usijilazimishe kuzisokota kama mdoli ni wa wiki mbili. Akiwa wa miezi 6 na kuendelea, lowesha moheya, izungushie kwenye kijiti cha meno, iache ikauke usiku kucha.

Usiwe na haraka, kichwa kimoja kinakula saa 30, 40, wengine zaidi. Ukichoka macho acha, tundu la haraka linaonekana siku zote.

SWALI: Shangazi, nimehifadhi nywele za akika za mwanangu, zile alizonyolewa siku ya 7, naweza kumwotesha mdoli nazo?

JIBU: Ni nzuri kuliko moheya yoyote mama, ila ni fupi mno. Unywele mmoja unahitaji kama sentimita 7 ili sindano iukamate na sehemu ibaki ndani ya kichwa, na za siku ya 7 hazifiki hata nusu. Halafu wengi kwetu wanazipima kisha wanazifukia, waulize wakubwa nyumbani kwanza. Zitunze kwenye kikaratasi, uzitumie kulinganisha rangi ukienda kununua.

SWALI: Nywele za mdoli wangu zinatoka kila nikimchana. Nifanyeje?

JIBU: Hukupaka gundi ndani. Ukimaliza kuotesha na ukaridhika, paka gundi isiyoyeyuka kwa maji ndani ya kichwa, tabaka jembamba, mizizi yote ishikwe, dirisha wazi kwa sababu ya harufu, subiri ikauke siku nzima. Na wewe wa Leicester nakukumbusha hilohilo, mdoli wako utapapaswa kutwa. Usiurudishe kwenye oveni tena, ile joto ya digrii 130 ya kukaushia rangi imalize kabla hujatia unywele hata mmoja. Ukimpelekea bibi, niandikie alivyosema.