Mongo au Postgres kwa app ya maduka Kariakoo?

Mkuu, umeuliza app yako ya maduka ya Kariakoo uiweke MongoDB au PostgreSQL, yaani hifadhidata ipi itunze taarifa zake. Mongo inanoga kwenye bidhaa, maana kitenge kina rangi na mita, simu ina RAM, tairi lina saizi, na kila kitu kinakuwa dokumenti yake (rekodi moja yenye sifa zake zenyewe) bila kuongeza kolamu kila mzigo mpya ukishuka. Sema pesa ndo ishu. Ukiuza kwa mkopo, stoku ikipungua huku lazima deni lipande kule, vyote kwa pamoja au visifanyike kabisa, na Mongo imeanza kuweza hivyo kwenye dokumenti nyingi toleo la 4.0 mwaka 2018, ila inakula spidi kidogo. Alafu usirundike mauzo yote ya duka kwenye dokumenti moja, mwisho ni MB 16 tu. Na namba ya mteja ukiirudia kila risiti, siku akibadili laini unazunguka kusahihisha kote aisee.

Mi ningeenda na Postgres, JSONB yake (aina ya kolamu inayobeba sifa zinazotofautiana kila bidhaa) ipo tangu toleo la 9.4, itabeba hizo sifa za bidhaa na mahesabu yakae kwenye majedwali ya kawaida. Kama ushaanza na Mongo basi weka validesheni ya skima (sheria za kukagua data kabla haijaingia) leo leo, bei isije ikaingia kama maandishi.